Picha ya Churchill iliyoangamizwa kwa kusema kweli

MCHORAJI wa sura za watu hutumikia mabwana wawili. Hutakiwa amridhishe anayechorwa, na papo hapo adhihirishe tabia iliyojificha nyuma ya mavazi na vyeo. Mabwana hao waligongana waziwazi nchini Uingereza mnamo 1954.

Mwaka huo, wabunge wa mabaraza yote mawili walichanga fedha ili kumwenzi Waziri Mkuu Winston Churchill, aliyekuwa akitimiza umri wa miaka 80. Kazi ya kumchora ilikabidhiwa Graham Sutherland (1903-1980) kwa gini 1,000, yaani pauni 1,050. Sutherland alifahamika zaidi kwa michoro ya mandhari, na alianza kuchora sura za watu mashuhuri mnamo 1949, alipomchora mwandishi Somerset Maugham.

Kuanzia Agosti, Churchill alikaa mara kadhaa mbele ya mchoraji huyo nyumbani kwake Chartwell, Kent. Sutherland hakukimbilia turubai kubwa. Alichora kwanza sehemu mojamoja kwa makaa na rangi: kichwa, macho, mikono. Utaratibu huo una maana. Anayejua kuwa anatazamwa huupanga uso wake. Ni baada ya vikao vingi, anapochoka au kujisahau, ndipo hali yake halisi hujitokeza.

Inasimuliwa kuwa Churchill alimuuliza iwapo angemchora kama malaika mchanga au kama mbwa mkali. Sutherland alijibu kwamba hilo lingetegemea kile ambacho angeonyeshwa.

Aliyemwona alikuwa mzee aliyepatwa na kiharusi mwaka uliotangulia, lakini angali madarakani. Alimchora ameketi, mwili mzito, uso umekunjamana, mikono imeshikilia kiti. Churchill alitamani kuvalishwa joho la heshima ya Garter. Waliogharamia kazi walitaka avae mavazi yake ya kawaida ya bungeni.

Novemba 30, katika Ukumbi wa Westminster, Churchill aliitaja picha hiyo kwa kejeli kuwa mfano wa sanaa ya kisasa, na watu wakaangua kicheko. Faraghani, alichukizwa nayo mno. Ilipelekwa Chartwell, isitundikwe kamwe. Mnamo 1978, baada ya kifo cha mkewe, Clementine, ilifichuliwa kuwa ndiye aliyefanya iangamizwe. Sutherland alikishutumu kitendo hicho kuwa uharibifu mtupu.

Hoja ya familia haikuwa hafifu. Picha hiyo ilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, na aliyepewa alijiona amedhalilishwa mbele ya taifa. Hata hivyo, baadhi ya michoro ya matayarisho ilisalimika, na mingine imehifadhiwa katika jumba la National Portrait Gallery, London. Anayeitazama hukutana na mtu anayeshindana na umri wake na kukataa kusalimu amri. Pengine hiyo ndiyo tabia ambayo waliomchangia walitaka kuienzi tangu mwanzo.