Tufani ya Mwaka wa 1872 na Watu wa Pwani Yetu

Tunapohesabu miaka ya misioni zetu katika kijitabu hiki cha yubilei, yatupasa kukumbuka siku za msiba pamoja na siku za furaha. Basi nimeona vema kuwaandikia ninyi, Wakristo wa parokia na walimu wenzangu, habari za tufani iliyopiga Unguja na Bagamoyo tarehe 15 Aprili 1872, na jinsi watu walivyoinuka baada yake.

Siku ile ilikuwa Jumatatu, majuma mawili na siku moja baada ya Pasaka. Yalikuwa majira ya masika, wakati wa tanga mbili, kaskazi imekwisha na kusi haijashika. Mvua ya masika wenyeji wameizoea, wala hawaiogopi. Lakini tufani hawakuizoea. Nchi yetu i karibu na ikweta, ambapo kuzunguka kwa dunia hakuupi upepo nguvu nyingi za kuvingirika. Na tufani nyingi za Bahari ya Hindi huelekea Madagaska na Msumbiji. Kwa hiyo mtu aweza kuzaliwa pwani na kuzeeka huko asione hata moja. Ndipo ilipo hatari yake: jambo lisilokuja mara kwa mara husahauliwa, na lililosahauliwa halifanyiwi matayarisho.

Tena tufani ina hila. Huzunguka kama pia, na katikati yake pana utulivu. Asiyeijua hudhani imekwisha, akatoka nje kutazama hasara; kumbe upepo warudi kutoka upande wa pili, ukaangusha vile ulivyolegeza kwanza.

Huko Unguja thuluthi mbili za minazi na mikarafuu ziliangamia. Majahazi mengi yalivunjika, na merikebu za Sayyid Barghash zilitupwa pwani, hata ile El Majidi iliyokuwa merikebu ya vita ya Wamarekani hapo zamani. Ng'ambo ya bara, huko Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameanza misioni yao mwaka wa 1868. Walikuwa wamekusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakiwafundisha dini, kilimo na kazi za mikono. Tufani ikabomoa karibu majengo yao yote. Kazi ya miaka minne ikalala chini kwa siku moja.

Twaweza kuuliza, Kwa nini hasara ya Unguja ilikuwa kubwa hivi? Upepo ulikuwa mkali, ni kweli. Lakini sababu nyingine ilikuwa mikononi mwa wanadamu. Mkarafuu si mti wa kale wa nchi hii. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa, na Sayyid Said akawahimiza watu kuupanda. Faida ilipoonekana, wenye mashamba wakakata miti mingine, wakapanda mikarafuu juu ya mikarafuu. Aliyeweka mali yake yote katika mti mmoja alipoteza yote siku ulipoanguka. Na mkarafuu hukaa miaka kadha wa kadha kabla ya kuzaa. Kisiwa cha Pemba kiliguswa kidogo tu. Bei ya karafuu ikapanda, watu wa Pemba wakazidi kupanda, na tangu siku zile Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Hivyo upepo wa siku moja uligeuza mambo ya visiwa viwili kwa miaka mingi.

Sasa nataka tuangalie jambo lililo zito kuliko miti. Ni nani aliyeubeba mzigo wa kupanda upya? Mwanzoni mwa mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere alifika Unguja, ametumwa na serikali ya Uingereza, amtake Sayyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Sayyid akakataa kwanza, na moja ya hoja zake ilikuwa tufani hiyo: wenye mashamba wamekwisha kufilisika, nao wakinyimwa watumwa wataangamia kabisa. Baadaye, tarehe 5 Juni 1873, alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa likafungwa. Hata hivyo watumwa waliendelea kupitishwa kwa siri mpaka Pemba, kwa kuwa mikarafuu ilihitaji mikono. Hasara ya tajiri ilitwikwa kichwani pa mtu asiyekuwa na mti hata mmoja.

Huko Bagamoyo mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Misioni ilijengwa tena, mashamba yakalimwa tena. Mwezi wa Februari 1874, mwili wa Dr. Livingstone ulipofikishwa pwani na wale waliouchukua kwa miguu kutoka bara, ulipokewa na misioni hiyo hiyo iliyokuwa imeanguka chini ya miaka miwili kabla. Na mwaka wa 1877 misioni ikawa na nguvu za kutosha kuanza kituo kipya huko Mhonda, katika milima ya Nguru.

Ndugu zangu, tusiseme kwamba mambo haya yamepita. Aprili 1952 tufani ilipiga Lindi. Aprili 2019 ile iitwayo Kenneth ilipiga Msumbiji kaskazini, karibu na mpaka wetu. Na Mei 2024 Hidaya ilifika pwani yetu upande wa Mafia. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi walimu wawafundishe watoto dalili za tufani na hila ya utulivu wake wa katikati. Wenye mashamba wachanganye mazao. Paa za shule na makanisa zifungwe imara kabla ya masika. Tena kila parokia ijue tangu sasa wajane, wazee na wagonjwa wake ni nani, na nani atakayewaendea.

Maana kuinuka kwa mji hakuhesabiwi kwa nyumba zilizosimamishwa tu. Huulizwa pia, Zilisimamishwa juu ya mabega ya nani? Mwaka wa 1872 mzigo mkubwa uliwaangukia walio dhaifu kuliko wote. Sisi tukipatwa na siku kama ile, na tuuchukue pamoja.