Clos de Vougeot: Shamba la Mizabibu la Wamonaki wa Cîteaux

Divai tunaijua sote kwa altare. Katekista anaitunza katika sakristia, museminari anaileta katika chupa ndogo, padri anaimimina katika kalisi. Lakini wengi wetu hatujaona hata muzabibu mumoja shambani, wala hatufikiri sana juu ya mikono iliyoulima. Leo nataka kuwasimulia habari ya shamba moja la Ufaransa, ambalo divai yake nyekundu inasifiwa duniani kote. Shamba lile lilifunguliwa na watawa waliotafuta umaskini. Tutaangalia namna gani umaskini wao ulizaa utajiri, na utajiri ule uliwafikisha wapi.

1. Mwanzo wa shamba

Mwaka 1098 Mutakatifu Roberto, abati wa Molesme, alitoka katika monasteri yake pamoja na wenzake kadiri ya 20, wakaenda kukaa Cîteaux, katika jimbo la Bourgogne. Pahali pale palikuwa pori na kinamasi. Walitaka kushika Kanuni ya Mutakatifu Benedikto bila kuipunguza. Walikataa zaka, walikataa kodi za vijiji, wakaazimia kula jasho la mikono yao wenyewe.

Lakini Kanuni ile ile inamupa mumonaki kipimo kidogo cha divai kila siku, na Misa haisomwi pasipo divai. Katika kinamasi ya Cîteaux muzabibu haukubali. Basi wakainua macho kuelekea vilima vya upande wa magharibi, kilometa 10 na zaidi toka kwao. Karibu na mwaka 1110, watu wenye mali walianza kuwapa vipande vya udongo kando ya kijito kinachoitwa Vouge. Vipande vingine wamonaki walivinunua, vingine walivipata kwa kubadilishana.

Kadiri ya mwaka 1113 Mutakatifu Bernardo aliingia Cîteaux pamoja na wenzake karibu 30. Toka wakati ule shirika likaenea kwa nguvu: Bernardo alipokufa mwaka 1153, monasteri zilikuwa zimepita 300. Huko Vougeot vipande vikaendelea kuunganishwa. Watu wa historia husema kwamba mwaka 1336 ukuta wa mawe ulikuwa umekwisha kulizunguka shamba zima, lenye hekta 50. Ndiyo maana linaitwa Clos, maana yake pahali palipofungwa kwa ukuta.

2. Tabia ya shamba na ya divai yake

Shamba limelala juu ya mutelemuko. Sehemu ya juu ina udongo mwembamba juu ya mawe ya chokaa. Mvua ikinyesha, maji yanapita upesi. Sehemu ya chini, karibu na barabara kubwa, ina udongo muzito unaoshika maji. Muzabibu wenye miguu katika maji hautoi divai nzuri. Wazee wa kule husimulia kwamba wamonaki walitengeneza divai tatu: ya juu kwa Papa, ya katikati kwa maaskofu, ya chini kwa kunywa wao wenyewe. Hiyo ni hadithi tu, lakini inaonyesha kwamba tofauti ya udongo ilijulikana tangu zamani.

Zabibu inayopandwa pale ni pinot noir. Vichala vyake ni vidogo, ganda lake ni jeusi, na inaumizwa upesi na baridi na mvua. Haizai sana. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mutawala wa Bourgogne, aliamuru kungʼoa zabibu ya namna nyingine, gamay, iliyozaa sana lakini ikatoa divai hafifu. Alichagua ubora kuliko wingi.

Musomaji atauliza: divai inapata wapi rangi nyekundu? Maji ya zabibu ile ni meupe. Rangi inatoka katika ganda. Kwa hiyo wanaacha maji na maganda pamoja siku nyingi katika mapipa makubwa yaliyo wazi, hata yachemke yenyewe, kiisha wanakamua. Mitambo minne ya miti ya wamonaki ya kukamulia ingali inaonekana pale hata leo, na gala ya divai waliyoijenga katika karne ya 12 imesimama. Divai ya Clos ikiwa bado changa ni kali na imejifunga kinywani. Lazima kuingojea miaka, pengine kumi na zaidi, hata ilainike.

Je, wamonaki walikuwa na siri? Siri yao ilikuwa kukaa. Mabruda walikata matawi, walipalilia, walitazama kila mustari wa mizabibu, nao waliokuja nyuma wakarisishwa yale waliyoyaona wa kwanza. Baba wa jamaa akifa, watoto wanagawanya shamba. Monasteri haifi, wala haigawanyi. Karibu miaka 700 nyumba moja ililima udongo mumoja.

3. Hatari ya utajiri

Lakini divai nzuri inaleta wageni wakubwa. Husimuliwa kwamba abati Jean de Bussières alimupelekea Papa Gregori XI mapipa 30 huko Avignon, naye mwaka 1375 akafanywa kardinali. Kama divai ilisaidia, Mungu anajua. Mabruda wakapunguka, kazi ikashikwa na watu wa mushahara. Na wale ambao baba zao walikataa kodi, sasa walizipokea. Mwaka 1551 abati Dom Jean Loisier akajenga katikati ya mizabibu nyumba kubwa ya mawe, sawa nyumba ya bwana wa inchi.

Tusiwahukumu upesi. Monasteri zililisha maskini wengi mulangoni. Lakini mulimaji wa kijiji aliyepita kando ya ukuta ule hakuona tena watu maskini wa Cîteaux. Aliona ukuta wa tajiri.

4. Shamba lanyangʼanywa na kugawanywa

Tarehe 2 Novemba 1789 wakubwa wa Mapinduzi waliamua mali yote ya Eklezia iwe mikononi mwa taifa. Mwaka 1791 Clos ikauzwa, na wamonaki wakatawanyika. Dom Goblet, mutunza-gala wao wa mwisho, aliachwa kwanza kulisimamia shamba, kwa kuwa hapakuwa mutu aliyelijua kama yeye. Mwaka 1818 likanunuliwa na jamaa ya Ouvrard, nayo ikalishika zima hata mwaka 1889. Hapo wafanya-biashara wa divai wakaligawanya. Miaka ile ile mududu anayeitwa filoksera aliua mizizi ya mizabibu ya Bourgogne, ikawa lazima kupandikiza matawi juu ya mizizi ya Marekani.

Leo wenye vipande ni kadiri ya 80. Ukuta ni mumoja, jina ni moja, sheria ya mwaka 1937 inalilinda jina lile. Lakini chupa mbili za Clos de Vougeot zaweza kuachana sana, kwa maana moja imetoka juu, nyingine imetoka chini, na mikono si ile ile. Munywaji mwenye akili anauliza kwanza jina la mulimaji. Nyumba ya Dom Loisier inatunzwa tangu 1944 na chama cha wapenda-divai kilichoanzishwa mwaka 1934. Na mwaka 2015 Unesco iliandika mashamba ya vilima vile katika urithi wa dunia.

5. Fundisho kwetu

Mwaka 1898 wamonaki walirudi Cîteaux. Hawakurudishiwa Clos, walifuga ngʼombe, wakatengeneza fromaji. Sisi pia tunawajua watu wa ukoo ule: Watrapisti waliotoka Scourmont, Ubelgiji, wakaanzisha monasteri ya Mokoto katika Kivu mwaka 1954.

Basi tusiseme kwamba wamonaki wa zamani walikosa kwa kulima vizuri. Kazi safi ni sifa ya Mungu, na kazi yao ingali inazaa mikononi mwa wengine. Walikosa pale ambapo shamba lililoanzishwa ili kutumikia altare lilikuwa bwana wa nyumba. Ukuta ulilinda mizabibu, haukulinda wamonaki. Nasi wenye mashamba ya parokia, shule na nyumba za misioni, tulime vizuri, tutunze vizuri, lakini tujiulize mara kwa mara: mulimaji anayepita kando ya ukuta wetu, anaona nini?