Santuri Haina Uso

Mwaka 1911 mwanamke mmoja wa Fumba, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, aliacha biashara ya vyungu akahamia Unguja mjini. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mtumwa. Umaarufu wa uimbaji ndio uliompa jina la Siti.

Mahasidi hawakukawia. Walimtungia beti za kumsimanga: kaja mjini na kaniki, na lau si sauti angekula nini? Kaniki, ile nguo nyeusi ya bei rahisi, ilikuwa vazi la watumwa na mafukara. Kwa hiyo hata waliomcheka Siti binti Saad kwamba hana sura walikuwa wakiupima ukoo wake kuliko pua yake. Siti naye alijibu kwa wimbo: uzuri si hoja, wala ukubwa wa jadi, aliyepata hasara ni aliyekosa akili.

Lakini mizani yenyewe iligeuzwa na mashine. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimsafirisha Siti na wapigaji wake, akiwemo Subeti Ambar wa udi, hadi Bombay kurekodi taarabu ya Kiswahili. Santuri zikauzwa kwa maelfu. Kila upande ulichukua kama dakika tatu za wimbo, na kwenye karatasi ya katikati palikuwa na jina tu. Msikilizaji wa Lamu au Tanga, mbali na umbea wa mjini Unguja, alimjua Siti kwa koo lake kwanza. Sura alijichorea mwenyewe, na sidhani kama kuna aliyemvika kaniki.

Siti alifariki mwaka 1950. Fatuma binti Baraka, yule Bi Kidude aliyezichukua nyimbo zake, aliangukia zama za kamera, na kamera ina tamaa zake. Mikunjo ya uso, sigara mdomoni, miguu peku jukwaani: mambo ambayo mtaani yangeweza kumletea masimango ndiyo yaliyotafutwa na wapiga picha wa Ulaya. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, ya muziki wa dunia, na mwaka uliofuata ikatoka filamu juu ya maisha yake. Uzee ukawa ndio urembo wake. Alipofariki Aprili 2013 hakuna aliyekuwa na hakika ya mwaka aliozaliwa, lakini magazeti mengi yalimpa miaka mia na zaidi bila kusita.