Samaki wa Birikani

Keateka wa jengo letu hapa Liwatoni alinipa siku mbili: nimwage chungu changu cha yungiyungi kilichoko paani, ama atakimwaga yeye. "Kinazaa mbu," akasema. Ndani ya chungu hicho mna gapi sita, samaki wa urefu wa kidole cha mwisho hivi, na tangu niwatie sijaona kiluwiluwi hata kimoja. Hatua tano kutoka hapo yamejipanga mapipa ya wapangaji, yamejaa maji, mengi hayana kifuniko. Hayo hakuyataja. Yeye mwenyewe ana mawili.

Sikubishana naye, ila nilikumbuka Lamu. Ukizuru ile nyumba ya zamani ya Kiswahili iliyohifadhiwa na makumbusho, usiishie kwenye zidaka na vitanda. Ingia chooni. Utakuta birika la mawe na chokaa, la maji ya kuoga na kutawadha. Ndani ya mabirika kama hayo walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na chini kabisa, sakafuni mwa birika, fundi alijengea bakuli la kauri ya Kichina. Kwani la nini? Maji yakikaribia kuisha, yale yanayobaki bakulini yanamtosha samaki mpaka birika lijazwe tena. Hapo ndipo huwa nasimama kidogo. Kuna mtu alikaa akamfikiria samaki siku ya uhaba.

Nyumba nyingi za aina hiyo ni za karne ya 18. Ronald Ross alionyesha huko India mwaka wa 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu. Simaanishi fundi wa Lamu alijua habari za vimelea. Alijua kuwa maji yaliyotuama huzaa kero, basi, ikamtosha.

Na kero yenyewe Pwani iliijua kwa jina. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, aliandika kuhusu mlipuko wa 1870 wa homa iliyotesa viungo, iliyowahi kupita huko 1823. Wenyeji waliiita kidinga pepo. Wako wanaoamini kuwa neno "dengi" lilizaliwa hapo, likavuka hadi Karibi, kisha likaturudia kama geni. Wengine wanahisi ugonjwa ule ulikuwa chikungunya, jina la Kimakonde lililoingia vitabuni baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Vyovyote iwavyo, mbu wa homa hizo mbili ni yule yule, Aedes aegypti. Huuma mchana na hupenda maji yaliyowekwa nyumbani. Mapipa, yaani.

Miaka ya 1950 bomba la zaidi ya kilomita 200 lilileta Mombasa maji ya chemchemi za Mzima. Nani tena afuge samaki chooni na mfereji upo? Sasa mfereji hutoa maji kwa kubahatisha, nasi tumerudi kuweka akiba kama wazee wetu, bila samaki wao. Dengi ilizuka mjini 2013. Mwishoni mwa 2017 ikaja chikungunya, na mamangu akashuka ngazi kwa makalio wiki tatu nzima.

Gapi si wa kwetu, tuseme ukweli. Asili yake ni Amerika Kusini, na hafai kumwagwa mtoni. Pwani ina wake, Nothobranchius palmqvisti, wa vidimbwi vya mvua, ambaye mayai yake hungoja ndani ya tope kavu hadi msimu urudi. Ila huyo wa kwetu dukani simwoni.

Siku ya pili nilimpelekea keateka gapi wawili kwenye chupa ya jemu. Akawatazama sana. Akauliza kama watakunya kwenye maji yake. Nikamwambia ndiyo, kidogo, watie kwenye pipa la kufulia, hilo la pili lifunike.

"Na maji yakiisha?"

Nikashuka kutafuta bakuli.