Ukisafiri, Mbwa Umemkabidhi Nani?

Ndugu msikilizaji, mtu mmoja wa Mlali, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, ameniuliza swali ambalo huenda wengine wakalicheka. Aliokota mbwa kando ya barabara, mbavu zimetoka nje na mguu una kidonda. Akamtibu, akamlisha, na mbwa akawa wa kwake. Sasa kazi humtoa nyumbani alfajiri na kumrudisha magharibi, na sikukuu zikifika hana budi kwenda kuwaona wazee wake. Anauliza: mbwa huyu nimwache na nani?

Mimi sicheki. Swali hili liliwahi kumshinda mtu ambaye jina lake limo katika kila kitabu cha historia.

Mwezi Januari mwaka 1867, Dakta David Livingstone alikuwa akisafiri kwa miguu katika nchi ambayo leo ni Zambia. Alikuwa na mbwa mdogo wa manyoya ya kujisokota, jina lake Chitane. Mbwa huyo alijifanya msimamizi wa msafara. Alikimbia mbele kumtazama wa kwanza, akarudi nyuma kumbwekea wa mwisho ili akaze mwendo. Alilinda kibanda cha bwana wake, wala yeye mwenyewe hakuiba.

Tarehe 15 ya mwezi ule walivuka kinamasi cha Chimbwe, upana wake kama maili moja, maji yakifika kiunoni. Livingstone alitangulia kuvuka, akasahau kumwagiza mtu ambebe mbwa. Kila mmoja alikuwa akihangaika kutafuta pa kukanyaga. Chitane akaogelea mpaka nguvu zikamwishia, akazama. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Maskini, Chitane ufuko hakuuona.

Siku tano baadaye, watu wawili wa msafara walitoroka na mizigo, sanduku la dawa likiwamo. Livingstone alihisi kama amehukumiwa kifo. Siwezi kudai kwamba mbwa angeuzuia wizi ule. Lakini yule aliyezoea kurudi nyuma kuwatazama wa mwisho hakuwapo tena.

Sasa tulitazame kosa lenyewe. Je, Livingstone hakumpenda mbwa wake? Alimpenda, na katika shajara yake alimlilia. Je, watu walikosekana? Watu walikuwapo. Kilichokosekana ni agizo moja kwa mtu mmoja: wewe fulani, mbwa huyu ni juu yako mpaka ng'ambo. Cha wote kikawa si cha mtu.

Na thamani ya mbwa katika nyanda zetu za kati ilijulikana tangu zamani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita njia ya misafara kuelekea Mpwapwa, akimtafuta huyo huyo Livingstone. Naye alikuwa na mbwa wa ulinzi, jina lake Omar. Omar alikufa kwa ugonjwa wa matumbo karibu na Ugombo, na Stanley akasikitika kwamba amempoteza kwenye kizingiti cha Ugogo, mahali ambapo angemhitaji kuliko kwingine kote.

Wenyeji wa nchi hii nao walikuwa na mbwa wao, wa kuchunga, kuwinda na kulinda zizi. Lakini swali la ndugu yetu wa Mlali halikuwasumbua sana. Kwa nini? Kwa sababu tembe la Mgogo halikuwa nyumba ya mtu mmoja. Vijana wakienda malishoni, bibi alibaki. Baba akienda safari, ndugu zake walikuwapo. Hapakuwa na siku ambayo watu wote walifunga mlango wakaondoka.

Mambo yamebadilika. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwatoa watu katika makazi yaliyotawanyika ikawaweka katika vijiji vya ujamaa, nyumba karibu na nyumba. Tangu hapo meno ya mbwa wako yakawa jambo la jirani pia. Kisha ikaja kazi ya mshahara, shule na biashara ya mjini. Baba yuko ofisini, mama yuko sokoni, watoto wako darasani. Nyumbani amebaki mbwa na mnyororo wake. Tumerithi mbwa wa tembe, lakini tembe lenyewe hatunalo.

Pengine msikilizaji atasema: mfungulie tu, atajitafutia. Hapo ndipo hatari ilipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza, matumaini ya kupona karibu hayapo. Mbwa aliyefunguliwa akajilishe jalalani hukutana na wenziwe wasiochanjwa, na anayekutana naye asubuhi ni mtoto wa jirani anayekwenda shule. Kadhalika, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imemtwika mwenye mnyama wajibu wa kumtunza. Likizo ya bwana si likizo ya wajibu huo.

Basi, ndugu yangu wa Mlali, fanya lile ambalo Livingstone alilisahau. Chagua mtu mmoja umkabidhi, na apatikane mapema. Mbwa wa kuokotwa aliwahi kuachwa, na akiona nyumba imenyamaza ghafla huweza kudhani ameachwa tena. Kwa hiyo, juma moja au mawili kabla ya safari, mtu huyo aje amlishe wewe mwenyewe ukiwapo. Ni heri mbwa abaki penye harufu aliyoizoea kuliko kupelekwa ugenini. Asiachiwe sufuria la ugali wa siku tatu, kwa maana litachacha siku ya kwanza. Maji yawe safi kila siku, na kivuli kiwepo. Mtoto anaweza kusaidia, lakini dhamana aishike mtu mzima.

Siku za kazi pia zinahitaji mpango. Jirani apite mchana ambadilishie maji na kumfungua kidogo uani, lango likiwa limefungwa. Usimwombe kwa maneno matupu. Mpe posho, mwachie unga na dagaa. Kama jirani ni Mwislamu na hapendi kuguswa na mate ya mbwa, usimlazimishe wala usimdhanie ukatili. Muombe maji tu, maana katika dini yake imesimuliwa habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Zaidi ya yote, mbwa achanjwe kabla ya kukabidhiwa, na kadi yake ya chanjo ibaki na mtunzaji, pamoja na namba ya simu ya afisa mifugo. Mwambie pia: mtu yeyote akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana kadi.

Ndugu msikilizaji, kumwokota mbwa ni huruma ya siku moja. Kumtafutia mtu wa kumwangalia usipokuwapo ni huruma ya mwaka mzima, na ndiyo ngumu. Kabla hujafunga begi la safari, jiulize kama leo uko ukingoni mwa Chimbwe: nani amembeba mbwa? Kama huna jina la mtu la kutaja, usianze kuvuka.

Hadi juma lijalo, nakutakia kila la heri.