Nani Alimuua Kapteni Alex? Filamu ya vurugu iliyookolewa na sauti ya msimulizi

MNUNUZI wa leso katika maduka ya Biashara Street, kisiwani Mombasa, hutazama mambo matatu kabla ya kutoa pesa zake: pindo, mji na jina. Pindo ni mzingo unaozunguka nguo, mji ni uwanja wa kati, na jina ni yale maneno machache yaliyoandikwa upande wa chini. Leso mbili zaweza kulingana kwa rangi na kwa maua, lakini jina likitofautiana huwa ni nguo mbili mbalimbali. Moja yafaa kupewa mama mzazi, nyingine ni ya kumrushia jirani kijembe. Duka la Kaderdina Hajee Essak katika barabara hiyo, lililoanzishwa mwaka 1887 na linalojulikana kwa nembo ya "Mali ya Abdulla", hutajwa mara kwa mara katika historia ya desturi hiyo ya kuzitia leso maneno.

Desturi ya kukiongezea kitu maneno mpaka kikapata maana mpya haikuishia katika nguo. Imo pia katika sinema za Afrika Mashariki, na mfano wake mkubwa ni filamu moja ya Uganda iliyotolewa mwaka 2010: "Who Killed Captain Alex?", yaani "Nani alimuua Kapteni Alex?" Ni filamu ya mapigano na vichekesho iliyotengenezwa katika mtaa wa mabanda, kwa pesa ambazo hazitoshi hata kukodi kamera kwingineko duniani. Imetazamwa mara mamilioni katika mtandao wa YouTube, na wapenzi wa sinema wa Ulaya na Marekani wanaifahamu vyema. Hata hivyo, miongoni mwa majirani wa Uganda ni wachache wanaoihesabu kuwa kazi ya sanaa inayostahili kujadiliwa.

KISA CHENYEWE

Kapteni Alex ni ofisa wa jeshi la Uganda anayesifika kwa ushujaa. Anatumwa kulimaliza genge la wahalifu liitwalo Tiger Mafia, ambalo kiongozi wake, Richard, ni mtu wa hasira za ghafla na mwenye bunduki nyingi. Makomando wanapiga kambi, operesheni inaanza, na katika mapambano hayo ndugu yake Richard anatiwa mbaroni. Richard anaapa kulipiza kisasi. Anawatuma watu wake kambini ili wamkamate kapteni huyo.

Hapo ndipo kisa kinapopinduka. Katika vurugu la kambini, Kapteni Alex anakutwa amekufa, na hakuna anayejua aliyemuua. Jeshi halijui. Genge lenyewe, ambalo lilikuwa na kila sababu ya kumtaka, halijui. Shujaa ambaye jina lake limebeba filamu nzima anaondoka mapema, na hadithi inabaki mikononi mwa wengine.

Anatokea ndugu yake, Bruce U, bingwa wa kung fu anayeigizwa na Charles Bukenya. Jina hilo ni mzaha wa wazi juu ya Bruce Lee. Bruce U anamtafuta muuaji kwa ngumi na mateke, huku Tiger Mafia wakipata helikopta na kuanza kuushambulia mji wa Kampala kwa mabomu. Majumba yanaporomoka, jeshi linajibu, risasi zinanyesha. Filamu inafika mwisho baada ya muda wa saa moja na dakika chache, na swali lililoulizwa na jina lake halijajibiwa.

Watazamaji wengine waliuchukulia mwisho huo kuwa ni kasoro. Lakini ukitazamwa kwa makini ni mzaha mkubwa kuliko yote iliyomo. Filamu za upelelezi humfundisha mtazamaji kungoja jibu. Hii inamkimbiza kutoka mlipuko mmoja hadi mwingine, kisha inamwacha na swali lake mlangoni.

MTENGENEZAJI ALIYESIMULIWA SINEMA

Aliyeiandika, kuiongoza, kuipiga picha na kuihariri filamu hiyo ni Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana, maarufu kama Nabwana I.G.G., aliyezaliwa mwaka 1973. Makao yake ni Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala. Jina la mtaa huo likaunganishwa na lile la Hollywood, ndipo likazaliwa neno Wakaliwood. Kampuni yake, Ramon Film Productions, iliyoanza mwaka 2005, ilipewa jina kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica.

Utotoni mwake Nabwana hakuzijua filamu kwa kuzitazama. Kaka yake ndiye aliyekuwa akienda kwenye maonyesho, kisha akirudi nyumbani humsimulia nani alipigana na nani, nani aliruka kutoka wapi, na bunduki ililia vipi. Mtoto akazijenga picha hizo kichwani. Alipokua alifanya kazi ya kufyatua matofali, akaweka akiba, akajifunza utengenezaji wa kompyuta, kisha akajifundisha mwenyewe namna ya kuhariri video na kutia milipuko ya kuchora.

Kompyuta zake aliziunganisha kwa vipande vilivyokwishatumika. Bunduki katika filamu zake zilichongwa kwa mbao na kuundwa kwa vyuma chakavu na fundi Dauda Bisaso, ambaye pia ni mwigizaji. Helikopta na mabomu yanayoivunja Kampala katika "Who Killed Captain Alex?" ni kazi ya kompyuta hizo hizo. Damu ya maigizo ilikuwa kwanza damu ya ng'ombe. Baadaye ikaachwa kwa sababu ya hatari ya maradhi, ikatumika rangi ya chakula. Gharama ya filamu nzima hutajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani.

Waigizaji ni wakazi wa mtaa na vijana waliosafiri kutoka sehemu nyingine za Uganda ili wajaribu bahati yao. Hawakulipwa mishahara. Filamu ilipokamilika, kila mmoja alichukua nakala za diski, akazunguka nazo nyumba kwa nyumba na barabara kwa barabara, na mapato yakagawanywa. Muda wa kuuza ulikuwa mfupi mno, kwani baada ya siku chache nakala za wizi huenea mjini na bei hushuka.

KIBANDA NA VJ

Ili kuielewa sauti inayosikika katika filamu hii, ni lazima kukijua kibanda. Neno hilo, ambalo Waswahili wanalo kwa maana ya kijumba kidogo, nchini Uganda limekuwa pia jina la ukumbi wa kuonyeshea video: chumba chenye mabenchi, televisheni na spika. Filamu nyingi zilizoonyeshwa humo zilitoka Marekani, Hong Kong na India, kwa lugha ambazo watazamaji wengi hawakuzielewa. Ndipo akazuka msimulizi mwenye kipaza sauti, anayeitwa VJ. Alitafsiri, akaeleza, akatania, akamzomea adui na kumshangilia shujaa. Baadhi yao, kama VJ Jingo, walipata umaarufu sawa na wa wanamuziki.

Kazi hiyo imevuka mipaka. Jijini Dar es Salaam, marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alizifanya filamu za kigeni zizungumze Kiswahili. Nchini Kenya, jina la DJ Afro limekuwa kama neno la kawaida kwa filamu za mapigano zilizotiwa maelezo ya Kiswahili chenye vionjo vya Sheng. Mtazamaji anayechagua nakala ya DJ Afro mara nyingi tayari anakijua kisa cha filamu. Anachokilipia ni maneno yake. Ni hesabu ile ile ya mnunuzi wa leso wa Biashara Street, ambaye ameshayaona maua na rangi lakini anainama kusoma jina.

Katika "Who Killed Captain Alex?" kazi hiyo ilifanywa na VJ Emmie. Tofauti na wasimulizi wa filamu za kigeni, yeye alikuwa akiisimulia filamu ya nyumbani, na katika nakala inayojulikana duniani anazungumza Kiingereza juu ya mazungumzo ya Kiluganda. Anawatangaza makomando kana kwamba ni wachezaji wa kandanda wanaoingia uwanjani. Anamwonya mtazamaji kwamba mapigano yanakaribia. Anawacheka wahusika wanapokosea, na katikati ya hatari anaitangaza kampuni. Pale ambapo picha inaonyesha udhaifu, yeye huwa wa kwanza kucheka, na kwa kufanya hivyo humnyang'anya mdhihaki silaha yake.

Hapo ndipo penye kosa la wanaoiita filamu mbovu inayochekesha kwa bahati mbaya. Mlipuko wa kompyuta hauwezi kumdanganya mtu yeyote, na Nabwana anajua hivyo. Kicheko kimepangwa: katika jina la Bruce U, katika hasira za Richard zisizo na kipimo, katika swali lisilojibiwa, na zaidi ya yote katika sauti ya VJ inayokimbizana na picha.

NAKALA ILIYOBAKI

Dondoo za filamu hiyo ziliwekwa kwenye YouTube mwezi Januari mwaka 2010, zikasambaa kuliko ilivyotarajiwa. Mmoja wa waliozitazama alikuwa Alan Hofmanis, Mmarekani wa New York aliyekuwa akifanya kazi za matamasha ya filamu. Mwaka 2011 alisafiri hadi Wakaliga kumtafuta mtengenezaji, na hatimaye akahamia huko na kuwa mshirika wake. Mwaka 2015 filamu nzima iliwekwa mtandaoni. Mwaka huo huo Wakaliwood iliomba mchango wa dola 160 kwa ajili ya filamu nyingine, ikapata zaidi ya dola 13,000.

Lakini filamu ambayo ulimwengu uliipokea sio ile iliyotoka kwanza mikononi mwa Nabwana. Ile ya awali, isiyo na sauti ya VJ, imepotea. Kompyuta zake hazikuwa na nafasi ya kuhifadhi kazi zote, na kila filamu mpya ilihitaji nafasi iliyokaliwa na ile ya zamani. Mafaili ya "Captain Alex" yakafutwa ili kazi iendelee. Kilichobaki ni nakala iliyokwishatiwa maneno.

Jambo hilo lastahili kufikiriwa kwa uzito. Sauti iliyoongezwa ili kuwavutia watazamaji wa kibanda ndiyo iliyobaki na mwili wa filamu. Mtazamaji wa leo hawezi kuchagua kumsikiliza VJ Emmie au kutomsikiliza. Amekuwa sehemu ya kazi kama alivyo mwongozaji mwenyewe. Lakini bahati hiyo isifiche hasara. Hakuna atakayepata tena kusikia kimya ambacho mwongozaji alikiacha mahali fulani kwa makusudi, wala neno la mwigizaji lililofunikwa na utani. Mafanikio ya filamu yamesimama juu ya kazi iliyofutwa kwa kukosa nafasi katika kompyuta.

Waliochukua hatua ya kuihifadhi iliyobaki walikuwa mbali. Mwaka 2019 shirika la kuhifadhi filamu la American Genre Film Archive, lenye makao Austin, Texas, liliitoa "Who Killed Captain Alex?" katika diski pamoja na "Bad Black", filamu nyingine ya Nabwana ya mwaka 2016, ambamo mtoto aitwaye Wesley Snipes anamfundisha daktari wa kizungu, anayeigizwa na Hofmanis, kuwa komando. Mwaka huo huo wa 2019, "Crazy World" ilionyeshwa katika tamasha la kimataifa la filamu la Toronto, nchini Kanada. Mwaka 2021 habari za Nabwana na Hofmanis zilielezwa katika filamu ya hali halisi iitwayo "Once Upon a Time in Uganda", iliyoongozwa na Cathryne Czubek.

KWA NINI ITAZAMWE

Anayeitafuta filamu hii asitarajie ufundi wa picha wa Hollywood wala fumbo litakalofumbuliwa. Vilevile ajue kwamba ina vifo vingi na ukatili wa wahusika, ingawa vyote vimetiwa chumvi ya mzaha. Itafaa zaidi ikitazamwa na watu kadhaa pamoja, kwa sababu iliundwa kwa ajili ya chumba kilichojaa, ambamo kicheko cha mmoja huwaambukiza wengine.

Itafaa pia kukumbuka ni kazi ngapi za namna hii ambazo hazikupata Mmarekani wa kuzifuata wala nakala ya pili ya kuziokoa. Majumba ya sinema yaliyowahi kuwakusanya watu wa Mombasa, kama vile Regal, Naaz na Majestic, yalifungwa, na uonyeshaji ukahamia kwenye vibanda, kisha kwenye diski na simu. Katika kila hatua kuna filamu, sauti na maelezo ya wasimulizi yaliyopotea kwa sababu yalionekana kuwa ni ya kupitisha jioni tu.

Kwa upande wa Kapteni Alex, muuaji wake hajapatikana. Aliyeifuta filamu yake ya kwanza anajulikana, na sababu yake pia inajulikana: alitaka kutengeneza nyingine, na nafasi ilikuwa moja. Mtunza chake hana majuto, lakini ili mtu atunze hana budi kwanza apate pa kuwekea.