Mguu bandia usioumiza: kompyuta yafundishwa kazi ya fundi

Katika hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, kati ya Kampala na Entebbe nchini Uganda, mafundi wa viungo bandia walianza yapata mwaka 2015 kujaribu kupima vigutu kwa skana na kutengeneza soketi kwa printa ya 3D, kwa ushirikiano na wataalamu wa Toronto, Kanada.

Soketi ni kile kikombe kinachopokea kigutu. Ndiyo inayoamua iwapo mguu utavaliwa au utaachwa uvunguni. Wayo waweza kununuliwa ukiwa tayari. Soketi haina saizi. Kwa aliyekatwa chini ya goti, sehemu ya uzito hubebwa na kano iliyo chini ya pia ya goti, huku ncha ya mfupa wa muundi ikiachiwa nafasi. Fundi akikosea milimita chache, ngozi huchubuka na mwenyewe hurudia magongo. Hata asipokosea, kigutu hunywea kadiri miezi inavyopita.

Kwa desturi, fundi hukifunga kigutu kwa plasta, akapata umbo lake, kisha akalichonga kwa mkono. Maarifa hayo hubaki vidoleni mwake. Skana huyahifadhi: umbo la kigutu na umbo la soketi iliyokifaa. Kompyuta ikilishwa jozi nyingi za maumbo hayo, hujifunza mafundi hubana wapi na kulegeza wapi, ikampendekezea mgonjwa mpya umbo la kuanzia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 mbinu ya kukisia papo hapo shinikizo la soketi juu ya kigutu, hesabu ambayo kwa njia ya zamani huchukua muda mrefu. Uamuzi hubaki kwa fundi.

Lakini programu hujua ilichofundishwa tu. Iliyolelewa kwa vigutu vya wazee wa Ulaya waliokatwa kwa sababu ya kisukari yaweza kumpotosha fundi anayemhudumia kijana wa bodaboda, atembeaye kutwa katika joto na tope. Ndiyo maana vipimo vinavyohifadhiwa Kisubi, au Moshi, Tanzania, ambako chuo cha TATCOT hufunza mafundi, vina thamani kuliko printa yenyewe.

Kwa sasa, anayeumizwa na soketi bado hutegemea soksi za kujazia na nauli ya kurudi kwa fundi.